Madirisha ya Mama Udahili

Mtu akikuambia Mama Udahili alikuwa mpole, ujue hamjui. Hakuwa mpole hata kidogo. Miaka ishirini na sita alikaa kwenye chumba kimoja cha chuo cha ufundi, mlango wa tatu ukitoka karakana ya kuchomelea vyuma, na katika miaka hiyo aligombana na wakuu wa chuo wanne, mafundi umeme wasiohesabika, na mpiga chapa mmoja ambaye mpaka leo akimwona barabarani anavuka upande wa pili. Lakini kazi aliijua. Hilo hata maadui zake walilikubali, ingawa kwa kununa.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kupokea waombaji. Kila mwaka vijana mia nne na kitu wanaomba nafasi, na maombi yao yanakuja kwa barua pepe pamoja na picha za vyeti, nyingine zimepigwa gizani, nyingine zimelala ubavu. Yeye anafungua, anakagua cheti cha shule, cha kuzaliwa, barua ya mdhamini. Kisha anainua simu ya mezani na kumpigia mwombaji mwenyewe: njoo kwenye usaili Jumatatu fulani, lete vyeti halisi, siyo kopi. Asiyepigiwa haijui siku, na asiyeijua siku haji, na asiyekuja mwaka wake ndio umeshakwenda hivyo. Orodha hakuna. Siku ya usaili mtu anafika na vyeti vyake, anajiandikisha mlangoni, basi.

Sasa sikiliza vizuri hapa. Mama Udahili alianza kazi pale kama tarishi, na aliyemfundisha ukarani alikuwa mama mmoja wa masijala, mkali kumshinda yeye, mwenye amri moja tu: karatasi isiyomalizwa haifichwi. Inalala juu ya meza, uso juu, ikutazame na kukukera mpaka uimalize, ndipo uifunge kwenye jalada. Kompyuta zilipokuja, Mama Udahili aliibeba amri ile nzima nzima akaingia nayo humo. Kila ombi alilifungua kwenye dirisha lake, na dirisha halifungwi mpaka mwombaji apigiwe simu na asikie. Ameshapigiwa, anafunga. Bado, liko wazi. Hakuandika popote pengine, maana kwake huko kulikuwa kufanya kazi moja mara mbili, na mwaka baada ya mwaka mambo yalikwenda.

Halafu akaja Mtaalamu. Jina hilo alipewa na Mama Udahili, na msidhani alimpa kwa kumsifu. Ni mwanamume wa miaka thelathini na tano, shati limenyooshwa mpaka linatisha, kompyuta zote za chuo ziko chini yake, na ana ugonjwa mmoja: hawezi kuona kitu kipya akakiacha kipite. Programu ya barua pepe waliyokuwa wakiitumia ilikuwa ya zamani na haina sura, ila ilifanya kazi. Walioitengeneza wakatoa toleo jipya la majaribio, yaani kitu ambacho hakijaiva, cha kupewa watu wachache wakijaribu na kusema kinavuja wapi. Mtaalamu akajiandikisha. Mpaka hapo hana kosa. Kosa lake ni kwamba hakukiweka kwenye mashine yake. Alikiweka kwenye ya Mama Udahili, wiki tatu kabla ya usaili, mama mwenyewe akiwa ameenda kunywa chai.

"Ya kwako ndiyo yenye barua nyingi, mama," alimwambia aliporudi. "Tukitaka kukijaribu, tukijaribu penye kazi."

"Na mimi nani alikwambia nataka kujaribiwa?"

"Utakipenda tu. Hebu tazama rangi zake."

Rangi! Mwanamke ana maombi mia nne mezani, anaonyeshwa rangi.

Siku ya kwanza programu ilikwenda. Siku ya pili ikaanza kuchechemea. Siku ya nne, Mama Udahili akiandika neno, herufi zinatokea baada ya yeye kumeza funda la chai. Feni ya mashine ikawa inanguruma mpaka wanafunzi wanaopita nje wanachungulia. Yuko kwenye simu na mwombaji, anataka kuona kama barua ya mdhamini imo, ukurasa umeganda, lile duara linazunguka, linazunguka. "Subiri kidogo mwanangu," anasema. Dakika nzima. "Subiri tena kidogo." Huku moyoni anamtukana Mtaalamu kwa kituo, kuanzia nywele mpaka soli za viatu.

Alimwita. Mtaalamu akaja, akasimama nyuma ya kiti chake, akafungua ukurasa unaoonyesha kila programu inakula memori kiasi gani. Memori ya kompyuta, kwa asiyejua, ni kama meza: kila unachokifanyia kazi lazima kiwe juu yake, na meza ikijaa, kazi inasimama. Mashine ile ilikuwa na giga nane. Programu ya barua pepe peke yake ilikuwa imekalia sita na nusu.

"Umeona?" alisema Mtaalamu. "Umefungua madirisha mia na sabini. Mia na sabini, mama! Hakuna mtu duniani anayefanya hivyo. Tatizo siyo programu, tatizo ni mazoea yako."

"Mazoea yangu yalikuwepo ulipokuwa unavaa kaptula. Ile ya zamani haikulalamika."

"Ile ilikuwa inakuvumilia."

"Na wewe nivumilie hivyo hivyo. Rudisha ile."

Hakurudisha. Alisema tena maneno mengi, ya kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa, kwamba subira kidogo, kwamba watengenezaji watarekebisha, kwamba na sisi tutakuwa tumechangia. Akaondoka anapiga mluzi. Tangu siku hiyo shikamoo ikafa. Mtaalamu akikutana naye kwenye ujia anajitia hamnazo, anasoma matangazo ukutani, na Mama Udahili anampa kisogo mapema ili asionekane kwamba yeye ndiye aliyenyimwa.

Wiki moja baadaye alikwenda kwenye mashine ya kuchapia ya pamoja kuchukua karatasi zake, akakuta juu yake ukurasa wa Mtaalamu. Ilikuwa ripoti aliyowapelekea watengenezaji wa programu, na chini yake jibu lao. Mama Udahili hakuona haya kuisoma. Mtaalamu alikuwa ameandika kwamba programu inakwenda vizuri kwa jumla, isipokuwa kwa mtumiaji mmoja mwenye umri mkubwa, asiyejua kompyuta, ambaye takwimu zake zisihesabiwe. Watengenezaji walimjibu kwa adabu. Walimshukuru, wakamkumbusha kwamba toleo la majaribio lisitumike kwenye kazi za kila siku za ofisi.

Alisimama pale mpaka mtu wa nyuma yake akakohoa. Mwenye umri mkubwa, sawa, hilo kalenda inalijua. Asiyejua kompyuta? Zisihesabiwe? Alifura. Akaikunja karatasi mara nne, akaitia kwenye mkoba, na kuanzia siku ile akawa anaufungua mwenyewe ule ukurasa wa memori kila saa na kuutazama. Ndipo alipoona kitu. Alikwenda kula mchana akaacha programu iko giga tatu. Aliporudi ilikuwa tano, na hakuna mkono uliogusa kitu. Kesho yake akafunga madirisha thelathini ya watu aliokwisha kuwapigia, memori haikushuka hata chembe. Programu ilikuwa ikichukua nafasi haiirudishi, uwe umefanya kazi, uwe umelala.

"Mshenzi wewe," aliiambia kompyuta, lakini kwa furaha.

Bahati mbaya mwenzake alimtangulia kwa Mkuu. Jumatatu wakaitwa wote wawili, Mkuu kaegemea kiti, miwani juu ya paji la uso. Alikuwa amesikia kwamba kazi ya udahili imekwama. Alikuwa amesikia pia, na alipolisema hilo alimtazama Mtaalamu, kwamba siku hizi kuna mitambo inayowapelekea waombaji ujumbe yenyewe bila mtu kushinda na simu sikioni.

"Mimi sitaki ugomvi wenu," alisema Mkuu. "Usaili ni Jumatatu ijayo. Ijumaa saa kumi jioni nataka uniambie kwamba waombaji wote umewapigia mwenyewe, bila kusaidiwa. Ikiwezekana, mama, meza ya udahili ni yako mpaka ustaafu. Isipowezekana, meza nampa huyu na mtambo wake, na wewe utakwenda stoo."

Stoo! Nyuma ya karakana, chumba cha chaki, mifagio na makufuli, dirisha moja lenye nondo. Miaka mitatu iliyobaki aimalize akigawa vifutio. Mama Udahili alitoka akiwa amekaza uso, na mlangoni Mtaalamu akampisha kwa adabu ya kuudhi.

Jumatano asubuhi alimfuata Mkuu ofisini, akaweka ile karatasi ya mashine ya kuchapia mbele yake, akasema anataka programu ipimwe hadharani, na Mtaalamu awepo. Mkuu aliisoma mara mbili. Akanyanyua kikombe chake cha chai wakaenda.

Chumba kilikuwa kidogo kwa watu watatu. Mkuu alikaa kwenye kiti cha wageni, Mama Udahili akasimama kando ya kabati, Mtaalamu akakaa kwenye kompyuta. Akafungua ukurasa wa memori, giga sita na robo.

"Mkuu, hapa ana madirisha mia moja thelathini na nane," alisema Mtaalamu. "Kwa madirisha mia moja thelathini na nane programu yoyote italemewa. Hiki siyo kipimo cha haki. Kipimo cha haki ni dirisha moja."

"Moja?" Damu ilimpanda Mama Udahili mpaka masikioni. "Unataka moja? Haya, funga. Funga yote!"

"Yote?"

"Umeziba masikio? Yote!"

Mtaalamu akabonyeza. Programu ikauliza kitu, naye akasoma kwa sauti, neno kwa neno, maana alikuwa anaogopa kuambiwa baadaye kwamba amefanya hila. "Inauliza tuyahifadhi madirisha haya ili yarudi tukifungua tena, au tusiyahifadhi."

"Usihifadhi kitu! Usije ukasema kesho kuna kitu kilijificha humo ndani. Nataka peupe kabisa."

Akabonyeza. Wakazima, wakawasha. Wakafungua programu, na barua moja tu, ya mistari minne. Memori ikasoma mega mia tatu.

"Sasa mtu asiguse," alisema Mama Udahili.

Hakuna aliyegusa. Mkuu alikunywa chai. Kule karakana walikuwa wanapiga nyundo. Baada ya robo saa ilikuwa mega mia saba. Baada ya nusu saa, giga moja na kitu. Mtaalamu alianza kukohoa kikohozi cha mtu asiye na kifua. Saa moja ilipotimia, barua moja ya mistari minne, isiyoguswa na yeyote, ilikuwa imekula giga mbili na nusu, na feni ikaanza wimbo wake.

"Hakuna aliyegusa," alisema Mkuu.

"Ni toleo la majaribio, Mkuu," alisema Mtaalamu kwa sauti ndogo. "Lazima liwe na..."

"Kalijaribie kwako. Mrudishie mama programu yake, sasa hivi, na hii ripoti yako uiandike upya." Akasimama, akamgeukia Mama Udahili. "Umeshinda, mama. Kazi kwako. Ijumaa saa kumi."

Acha nikuambie, mwanamke yule alifurahi. Alifurahi kwa ubaya kabisa, bila huruma. Alikaa kwenye kiti cha wageni kumtazama Mtaalamu akihangaika kurudisha programu ya zamani, akaagiza chai ya pili, na kila Mtaalamu alipofuta jasho yeye alipuliza chai yake polepole. Saa nane mchana kazi ikaisha na Mtaalamu akafyata mkia akaenda zake. Mama Udahili akavuta kiti, akatia miwani, akafungua.

Barua mia nne na kumi na mbili zilijipanga mbele yake, mstari chini ya mstari. Zote zilikwisha kusomwa. Zote sura moja. Dirisha lililo wazi hakuna hata moja.

Alikaa anatazama. Akashuka mpaka chini ya orodha, akapanda mpaka juu. Kwanza hakuelewa, kisha akaelewa. Madirisha yale mia moja thelathini na nane ndiyo yaliyokuwa watu wasiopigiwa. Hayakuwa kitu kingine. Na aliyesema yafungwe, na yasihifadhiwe, ni yeye, kwa mdomo wake, kwa kelele, mbele ya mashahidi wawili. Simu ya mezani haina kumbukumbu ya nani kapigiwa. Wengine aliwakumbuka, yule mwenye kigugumizi, yule ambaye mama yake alilia, lakini walikuwa kumi, ishirini, wasiofika thelathini.

Nyumbani mumewe alikuwa sebuleni kwenye cherehani yake, amezungukwa na sare za shule anazopinda. Alimwona mkewe anavyovua viatu akajua kumeharibika. Alisimamisha cherehani.

"Wamekunyang'anya meza?"

"Nimeshinda."

"Sasa mbona uso huo, mama watoto?"

Akamweleza. Mumewe alisikiliza mpaka mwisho, sindano mdomoni, kisha akaitoa.

"Anayejua ni nani?"

"Mimi. Na sasa wewe."

"Basi Ijumaa waambie wamepigiwa. Kila mwaka si wapo wasiokuja? Umebakiza miaka mitatu. Ukae stoo na vifua vyako vile, kwenye vumbi la chaki?" Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anamwonea huruma mkewe, na huruma ikampeleka huko.

"Wewe ukimkatia mtu suruali mguu mmoja mfupi, unamwambia kila mwaka wapo wenye miguu mifupi?"

"Mimi nasema tu."

"Usiseme!" Akaingia chumbani akabamiza mlango. Lakini hakulala vizuri, maana maneno yale hakuyatupa. Aliyageuza huku na huku, na ukweli lazima usemwe, kuna dakika yalimpendeza.

Alhamisi saa mbili kasoro alikuwa ameshafika. Alipanga kuwapigia wote mia nne na kumi na mbili kimya kimya, pasipo mtu kujua. Akaanza na wa kwanza.

"Mama, si ulinipigia Jumanne?"

"Nahakikisha tu. Jumatatu usichelewe."

Wa pili alikuwa ameshapigiwa. Wa tatu pia. Wa nne alicheka, akasikika akimwambia mtu pembeni, "Ni yule mama wa chuo, amesahau, uzee huo." Mama Udahili akaendelea na wa tano. Ilipofika saa tano alikuwa amewapata watu arobaini, na kati yao kumi na wawili walikuwa hawajui lolote kuhusu Jumatatu. Mmoja wao alimwambia kwamba alikuwa anafunga begi aende kwa mjomba wake kubeba matofali, kwa sababu aliona chuo kimya.

Akaweka simu chini. Akahesabu: watu arobaini kwa saa tatu. Saa zilizobaki mpaka Ijumaa saa kumi, hata asipokula, hata asipokwenda haja, hazikutosha nusu ya waliobaki. Simu moja haitoshi. Simu nyingine mbili zilikuwepo, moja kwa Mkuu, moja kwa Mtaalamu. Alikaa pale mkono juu ya simu, anajichukia, anamchukia Mtaalamu, anaichukia programu na walioitengeneza na rangi zake. Kisha akapiga moyo konde akainuka.

Ofisini kwa Mkuu, kama ilivyo siku ya mkosi, akamkuta Mtaalamu amekaa na ripoti yake mpya. Mama Udahili hakungoja atoke.

"Mkuu, sijui nani nimempigia na nani bado," alisema. "Yale madirisha ndiyo yalikuwa orodha yangu. Nilisema yafungwe, yakafungwa. Programu ya huyu ni takataka, hilo silifuti hata leo. Lakini hili ni langu."

Mkuu alishusha miwani kutoka kwenye paji. "Ungenyamaza, nisingejua."

"Najua."

"Na nilichosema kuhusu meza unakikumbuka."

"Nakikumbuka. Sikuja kuomba meza. Nimekuja kuomba simu. Nipe simu mbili."

Alikuwa amemtayarishia Mtaalamu tusi, zuri, la kuvunja mifupa, kwa ajili ya kicheko chake. Mtaalamu hakucheka. Alikuwa anatazama viatu vyake. "Majina yote na namba za simu naweza kuyatoa kwenye zile barua," alisema. "Dakika kumi." Na hapo ndipo Mama Udahili alipoumia kweli, kwa sababu alizitoa kwa dakika nane.

Siku mbili wakapiga simu. Chumba cha Mtaalamu kilipakana na cha Mama Udahili, na ukuta ulikuwa wa mbao.

"Habari za asubuhi, napiga kutoka chuoni, je, umeshapokea taarifa ya usaili?" alisema Mtaalamu upande wa pili. Kisha kimya. "Halo? Halo?"

"Wanakuona tapeli!" alipiga kelele Mama Udahili. "Anza na jina la mzazi wake, limo kwenye cheti! Na usiseme 'je'! Nani anasema 'je' kwenye simu?"

"Niache nifanye kazi, mama!"

"Kazi gani? Unafukuza watu!"

Mkuu naye alichukua ukurasa mmoja, lakini alijitambulisha kwa vyeo vyake vyote kabla ya kusema lolote, na vijana wakawa wanajibu kwa woga hata jibu halieleweki, ikabidi wapigiwe tena. Kila aliyepatikana ambaye hakuwa amepigiwa, Mama Udahili alimwandika kwenye daftari. Ndiyo, aliandika. Walikuwa wanawatafuta mia moja thelathini na nane, na mpaka watimie hakuna kusimama. Ijumaa saa sita walikuwa mia na kumi na sita. Saa tisa, mia na thelathini na tano. Saa tisa na nusu, mia na thelathini na saba, na karatasi zimebaki na majina kumi na manne, tisa kati yao simu hazipokelewi. Mtaalamu alitoka chumbani kwake akaja kusimama mlangoni, shati limekunjamana kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe, sauti imemkauka.

"Huyu wa kwangu kapokea baba yake," alisema. "Hawakupigiwa. Atakuja."

Mama Udahili akaandika. Mia moja thelathini na nane. Akafunga daftari, akatazama saa ya ukutani, ilikuwa kumi kasoro dakika saba. Hakumwambia Mtaalamu asante, na Mtaalamu hakuisubiri.

Mkuu alikuja mwenyewe na bahasha. "Kazi imefanyika," alisema, "ila sharti la meza lilikuwa uwapigie peke yako, mama. Mwakani sitaki kurudi hapa. Ningekuwa na njia nyingine..."

"Usinieleze, Mkuu. Nipe barua yangu."

Jumatatu asubuhi alifika na mto wake wa kukalia kwapani na kikombe chake kwenye mfuko wa plastiki. Ukumbi ulikuwa wazi, Mtaalamu yuko mlangoni na kompyuta anawaandikisha. Ua lote lilikuwa limejaa vijana na bahasha zao mikononi, wamesimama hovyo, wameziba njia ya kwenda nyuma ya karakana. Hapakuwa na hata mmoja aliyemjua, na yeye hakumjua yeyote.

"Nipisheni huko!" alisema. "Njia hii siyo ya kusimama!"

Binti mmoja aliyekuwa amempa mgongo akageuka haraka. Akamtazama usoni, akautazama mto, akautazama mfuko.

"Mama, ni wewe uliyenipigia? Ijumaa?"

"Vyeti umeleta?"

"Nimeleta."

"Halisi, siyo kopi?"

"Halisi, mama." Binti akaanza kufungua bahasha amwonyeshe. "Yaani mama, mimi nilikuwa nimeshakata..."

"Usinionyeshe mimi! Mimi ni wa stoo. Foleni ile kule, kimbia, unapitwa."

Binti akakimbia. Mama Udahili alisubiri mpaka alipomwona amefika mlangoni na jina lake linaandikwa, ndipo akauweka mto vizuri kwapani akaenda kutafuta ufunguo wa stoo ni upi.